Kilichomo Kati ya Picha Mbili

Washa panga boi, liache lishike kasi, kisha lirekodi kwa simu wakati chumba kina mwanga wa kutosha. Chezea swichi yake ya kasi kidogo kidogo. Utafika mahali ambapo kwa macho yako feni inakwenda mbele vizuri tu, lakini kwenye video mapanga yanarudi kinyumenyume, tena polepole, huku pazia la dirishani likipepea kama kawaida. Wapo wanaodhani simu imeharibika. Simu ni nzima, na kila picha iliyoipiga ni ya kweli.

Tupige hesabu. Chukua feni yenye mapanga matatu inayozunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde, na kamera inayopiga picha 25 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata, feni imekwenda moja ya tano ya mzunguko, nyuzi 72. Mapanga yenyewe yameachana kwa nyuzi 120, na hayana alama ya kuyatofautisha. Picha ya pili inapotokea, kuna panga nyuzi 72 mbele ya pale lilipokuwa panga la kwanza, na kuna jingine nyuzi 48 tu nyuma yake. Ubongo hauna namna ya kujua lipi ndilo lipi, basi unachagua njia fupi. Nyuzi 48 ni chache kuliko 72, na feni inarudi nyuma. Helikopta zinazopaa kwenye video huku rafadha zimeganda ni mambo hayo hayo: kati ya picha na picha, kila panga limefika hasa pale alipokuwa mwenzake.

Feni hii inafichua kitu ambacho filamu nzuri hukificha. Ndani ya video hakuna mwendo. Kuna picha tuli zilizopangwa foleni, na kati ya picha na picha hakuna kitu. Mwendo anautengeneza mtazamaji mwenyewe, katika nafasi hiyo tupu, na huutengeneza upesi kiasi kwamba hawezi kujikamata akifanya hivyo. Norman McLaren, mzaliwa wa Scotland aliyefanya kazi yake kubwa ya uhuishaji nchini Canada, alishikilia kwamba kinachotokea kati ya fremu mbili kina uzito kuliko kilichochorwa kwenye fremu yenyewe. Namwamini. Anayetaka kuelewa katuni, filamu, taarifa ya habari au kipande cha sekunde 15 kilichotumwa kwenye kundi la familia, aanze kuchungulia kwenye mapengo.

Maelezo ambayo wengi tuliyapata shuleni ni kwamba jicho hubaki na picha kwa muda baada ya picha kuondoka, na picha inayofuata hujiunga nayo. Ni maelezo matamu, ila hayasimami. Kama picha zingebaki jichoni na kuunganika, tungeona zimelundikana moja juu ya nyingine: mkimbiaji mmoja mwenye miguu 25. Mwaka 1978 Joseph Anderson na Barbara Fisher waliandika makala iliyoiita nadharia hiyo hekaya, na bado inafundishwa mpaka leo.

Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka kwa Max Wertheimer. Mwaka 1910 alikuwa safarini kwa treni akaingiwa na wazo, akashuka Frankfurt, akanunua kifaa cha kuchezea watoto chenye picha zinazozunguka, akaanza majaribio. Matokeo aliyachapisha mwaka 1912. Alitumia vitu vichache mno, mistari miwili tu, mmoja unaonyeshwa na kuzimwa, kisha wa pili pembeni yake. Muda kati yao ukiwa milisekunde 200 hivi, watu waliona mistari miwili ikipokezana. Ukishuka mpaka 30 hivi, waliona yote miwili kwa pamoja. Katikati hapo, karibu na milisekunde 60, waliona mstari mmoja ukisogea kutoka hapa kwenda pale. Hakuna kilichosogea. Na wengine waliona kitu cha ajabu zaidi: msogeo mtupu, mwendo usio na kitu kinachokwenda.

Kwamba kuona mwendo ni kazi ya peke yake ndani ya ubongo kulithibitishwa na kisa cha kusikitisha. Mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake wa Munich walieleza habari za mwanamke ambaye ubongo wake ulikuwa umeumia pande zote mbili kwa nyuma. Rangi aliziona, sura za watu alizitambua, maandishi aliyasoma. Mwendo ndio uliomtoka. Akimimina chai, aliiona imesimama hewani kama barafu, wala hakujua lini aache kwa sababu hakuona ikipanda kikombeni. Gari lilikuwa mbali, kisha ghafla lilikuwa mbele yake. Barabara akajifunza kuivuka kwa kusikiliza. Mazungumzo yalimchosha kwa kuwa midomo ya watu haikwenda. Dunia nzima ilimjia kama rundo la picha za albamu, bila yule fundi wa ndani anayeziunganisha.

Fundi huyo ndiye anayefanya sinema iwezekane. Kazi ya mitambo yote iliyofuata ilikuwa kumlisha picha kwa mpangilio anaoupenda.

Farasi wa Eadweard Muybridge amesimuliwa mno, nami nitampita haraka. Juni 1878, huko Palo Alto, California, kamera 12 zilipangwa kando ya njia na farasi akazifyatua moja baada ya nyingine kwa kukata nyuzi. Watu hukumbuka kwamba picha zilionyesha miguu yote minne ikiwa hewani kwa pamoja. Wanachosahau ni kwamba hilo hutokea wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, si imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyochora kwa karne nyingi. Jicho la mchoraji hodari halikuwahi kuingia kwenye pengo lile.

Ndugu wawili wa Lyon, Auguste na Louis Lumière, ndio walioonyesha watu picha zinazotembea kwa kiingilio, Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Shida yao ilikuwa hii: utepe wa filamu ukipita mbele ya taa bila kusimama, kinachoonekana ukutani ni ukungu. Lazima kila picha isimame, imulikwe, kisha gizani ivutwe na kumpisha nyingine, mara 16 hivi kila sekunde. Ufumbuzi Louis aliutoa kwenye cherehani. Fundi nguo anaujua mtindo huo kwa mikono yake: sindano ikiwa chini kitambaa kimetulia, sindano ikipanda meno ya chini yanakisogeza hatua moja. Kifaa cha Lumière kilikuwa na kucha zinazoingia kwenye matundu ya utepe na kufanya vivyo hivyo.

Matokeo yake ni kwamba waliokaa kwenye majumba ya sinema enzi zote za utepe, ya Dar es Salaam, Mombasa au Bombay, walitumia karibu nusu ya muda wao wakitazama kioo cheusi. Picha imo, giza, picha imo, giza. Ili giza lisiwakere, projekta iliwekewa shata ya mapanga mawili au matatu, kila picha ikamulikwa mara mbili au tatu kabla ya kubadilishwa. Picha 24 zikawa mimuliko 48 au 72, na jicho likaacha kulalamika.

Mbona 24? Hakuna siri ya mbinguni hapo. Wakati wa sinema bubu mpiga picha alizungusha kamera kwa mkono, mwingine haraka, mwingine polepole, na mwenye projekta naye alikuwa na mambo yake. Ndiyo sababu filamu za kale zikichezwa kwa kasi ya kisasa watu wanakimbiakimbia. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, mchezo huo ukaisha: sikio halivumilii kasi inayoyumba, mara sauti nene, mara nyembamba. Ikabidi namba moja ichaguliwe na injini iishikilie. Fremu 24 zilitosha kwa sauti inayosikika vizuri bila kumaliza utepe, ambao ulikuwa ghali. Filamu ya dakika 90 kwa kasi hiyo ina fremu 129,600.

Televisheni ikaja na namba zake, na hizi zilitokana na nguzo za umeme. Kwenye umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, kama Marekani, ilichaguliwa picha 30. Ulaya kwenye mizunguko 50, ikawa 25. Tanzania na Kenya zina umeme wa 50, na mfumo wa televisheni ukafuata huko huko. Zanzibar iliyokuwa ikirusha matangazo ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, wakati Tanzania Bara bado haina televisheni yoyote, ilitumia picha 25. Kwa hiyo filamu ya sinema ikirushwa hewani iliharakishwa kidogo: ya dakika 100 ilimalizika kwa dakika 96, na sauti za waigizaji zikapanda kiasi. Wachache waligundua.

Urithi huo bado unawasumbua wapiga video wa harusi. Tubulaiti na taa nyingi za LED za bei nafuu humetameta mara 100 kwa sekunde, kulingana na umeme wetu. Kamera iliyoletwa ikiwa imepangwa kwa fremu 30 na shata ya moja ya sitini haipatani na mmeto huo, na ukumbini michirizi ya giza inaanza kupanda na kushuka juu ya nguo ya bibi harusi. Iweke fremu 25 na shata moja ya hamsini, michirizi inatulia. Namba hizo zina faida nyingine. Shata ikibaki wazi kwa moja ya hamsini ya sekunde, mkono unaopungwa unaacha ukungu kidogo kwenye kila fremu, na ukungu huo unaziba sehemu ya pengo. Ukifunga shata upesi zaidi, kila fremu inakuwa kali kama wembe na mwendo unakatikakatika. Steven Spielberg aliutaka mkatiko huo katika mapigano ya ufukweni ya Saving Private Ryan, mwaka 1998. Kwenye ngoma ya kitchen party hautakiwi.

Mpaka hapa pengo limekuwa likitengenezwa na mashine. Kwenye katuni linatengenezwa na mtu, kwa penseli, na hapo ndipo mambo yanaponoga.

Chora mpira mara 12 ukitoka kushoto kwenda kulia, kwa umbali ulio sawa kila mara. Zicheze picha hizo. Mpira unateleza, hauna uzito, hauna nia, hauna lolote. Sasa usiuguse mpira wenyewe, badilisha umbali tu. Tuseme unaanguka kutoka juu. Kitu kinachoanguka hupita, katika vipande vya muda vilivyo sawa, umbali wa 1, kisha 3, kisha 5, kisha 7. Galileo alilijua hilo kabla ya sinema kuwazwa. Basi michoro ya juu isongamane, ya chini iachane. Ghafla mpira una kilo. Ukitaka uwe puto, zipunguze tofauti. Ukitaka uwe jiwe, uendelee kuchanua umbali mpaka chini na usiupe mdundo. Duara ni lile lile katika mifano yote mitatu, na mtazamaji hatakubali ukimwambia hivyo.

Kisha mpira unagusa sakafu. Hapo wachoraji wa studio ya Disney miaka ya 1930 walizoea kuubonyeza, uwe mpana na mfupi, na kuurefusha kidogo kabla tu ya kugusa na mara unapoinuka. Mbonyeo huo ukae fremu moja, labda mbili. Ukikaa nne, mpira umegeuka donge la unga. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi pale miaka mingi, walikusanya kanuni 12 za namna hii katika kitabu chao cha 1981, na ukizisoma kwa makini utaona nyingi hazihusu kuchora vizuri. Zinahusu kumwandaa mtazamaji avuke pengo. Mhusika anayetaka kuruka huanza kwa kuchuchumaa, kwa sababu mruko wenyewe unaweza kuwa fremu tatu tu na asiyeandaliwa hatauona.

Mwanzoni kazi hii ilikuwa ya kitumwa. Winsor McCay alipomleta dinosauri wake Gertie mwaka 1914, kila mchoro ulikuwa na mnyama pamoja na mawe, ziwa na milima ya nyuma, na kijana msaidizi aliinakili mandhari hiyo upya maelfu ya mara. Mkono wa binadamu haurudii mstari sawasawa, hivyo milima ya Gertie inatetemeka kidogo muda wote. Kwangu ndiyo raha ya filamu ile. Muda mfupi baadaye ikaja karatasi angavu ya seluloidi: mandhari huchorwa mara moja na kulazwa chini, juu yake anabadilishwa mhusika peke yake. Ujerumani, Lotte Reiniger alishika njia nyingine. Alikata vivuli vya karatasi kwa mkasi, akaviunga viungo kwa waya, akavisogeza kidogo kidogo chini ya kamera, na mwaka 1926 akamaliza filamu ndefu ya Mwanamfalme Ahmed kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Ni filamu ndefu ya uhuishaji iliyo ya kale kuliko zote zilizosalia. Programu nyingi za katuni zinazotumiwa leo na studio ndogo, zile za mhusika mwenye bawaba begani na kiwikoni, ni wajukuu wa mkasi ule.

Halafu kuna suala la idadi. Si lazima kuchora 24. Kwa kazi nyingi michoro 12 kwa sekunde inatosha, kila mmoja ukipigwa picha mara mbili. Osamu Tezuka, alipoanza kurusha Astro Boy kila wiki nchini Japani mwaka 1963, hakuwa na fedha wala muda hata wa hiyo 12. Aliushikilia kila mchoro fremu tatu, akaugandisha mwili na kuuchezesha mdomo tu, akatumia tena mbio zile zile kwenye vipindi tofauti. Wakosoaji waliona ni ulipuaji. Lakini watoto walifuata hadithi, na katika umaskini ule ukazaliwa mtindo ambao sasa dunia nzima inauiga kwa hiari. Filamu ya Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 iliutumia kama lugha: kijana Miles, ambaye bado hajaimudu nguvu yake, mara nyingi anakwenda kwa picha 12 kwa sekunde, wakati mwenzake mzoefu aliye kando yake kwenye tukio hilo hilo anakwenda kwa 24. Mtazamaji hahesabu chochote. Anahisi tu kwamba mmoja anajikwaa.

Kipimo cha haraka cha katuni ni mdomo. Vokali zinasamehe, a ikichorwa kama e hakuna atakayeandamana. Lakini m, b na p zinataka midomo igusane. Mhusika akisema "mama" na midomo isifungwe mara mbili, hata mtoto wa chekechea anahisi sauti ni ya mtu mwingine. Ni mtihani wa kila anayetengeneza vipindi kwa lugha zaidi ya moja, kama linavyofanya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ambalo katuni yake ya Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014: mdomo uliofungwa kwa ajili ya neno la Kiswahili unaweza kukuta sauti ya lugha nyingine iko wazi. Fundi mzuri huufunga mdomo fremu moja au mbili kabla ya sauti kufika. Mtazame mtu anayepasua kuni ng'ambo ya shamba: shoka linatua kwanza, mlio unafuata. Tumezoea hivyo maisha yote, kwa hiyo sauti inayochelewa tunaisamehe mpaka milisekunde 125 hivi, lakini inayotangulia tunaistukia ikifika 45 tu.

Pengo kubwa kuliko yote ni mkato. Fremu moja mko Kariakoo, fremu inayofuata mko Tanga na mhusika ameota ndevu. Lev Kuleshov wa Urusi, karibu miaka 100 iliyopita, aliupima uwezo wa mkato kwa kuchukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na kuupachika mara baada ya bakuli la supu, mara baada ya jeneza. Filamu yenyewe imepotea, ila masimulizi yanasema watazamaji waliona njaa, kisha huzuni, wakamsifu mwigizaji kwa kipaji. Kila mhariri wa tamthilia anaishi kwa ujanja huu. Hata wa habari, na huyo ndiye wa kuchungwa: uso wa kiongozi anayetabasamu, mkato, umati wenye hasira. Huenda tabasamu lilikuwa la asubuhi na umati wa wiki iliyopita. Ukitazama taarifa yoyote yenye utata, uliza kwanza kama vitu viwili unavyoviunganisha viliwahi kuonekana ndani ya fremu moja.

Watazamaji wa Afrika Mashariki wamepata bahati ya kuona pengo hili likizibwa mbele yao kwa sauti. Kwenye vibanda umiza, filamu za Hong Kong, India na Marekani zilifika zikiwa na sauti ya msimuliaji juu yake. Tanzania jina kubwa lilikuwa Lufufu, Kenya ni DJ Afro. Wengine huona hiyo ni tafsiri mbovu. Mimi naona ni uhariri wa pili. Mhusika amenyamaza, kamera imemkazia uso, mkurugenzi amekuachia uwaze mwenyewe. Msimuliaji anaingia papo hapo na kukuambia jamaa anawaza nini, anamdai nani, na kwa nini kichapo kinachokuja ni haki yake. Anachokifanya kwa maneno ndicho Kuleshov alichokifanya kwa bakuli la supu.

Turudi kwenye simu, maana huko pengo limegeuka kuwa suala la fedha. Video ya ubora wa kawaida wa leo ina pikseli 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni 2 kwa kila fremu. Zikihifadhiwa zote kwa baiti tatu za rangi, fremu moja ni megabaiti 6 na ushee, sekunde moja ya fremu 25 ni megabaiti 155, dakika moja ni zaidi ya gigabaiti 9. Hakuna bando la kuhimili hayo. Lakini dakika hiyo inakufikia kwa megabaiti 40 hivi, mara nyingi chini ya hapo.

Ujanja ni kwamba karibu fremu zote zimetupwa. Mfumo kama H.264, uliopitishwa mwaka 2003 na ambao bado unabeba sehemu kubwa ya video duniani, huhifadhi fremu nzima mara moja moja, labda moja kila sekunde mbili. Zilizobaki ni taarifa za mabadiliko tu, kama ndugu anayepiga simu kutoka kijijini: huku kote salama, ila mbuzi amezaa. Picha inagawanywa katika vipande vidogo vya mraba, na kwa kila kipande mfumo unauliza kilikuwa wapi kwenye fremu iliyopita. Kikipatikana, kinachoandikwa ni "kisogeze pikseli tano kushoto", basi.

Hii inaeleza mengi ambayo watu huulaumu mtandao kwayo. Msomaji wa habari aliyekaa mbele ya ukuta wa buluu anabanwa kwa urahisi mno. Kinachobadilika ni mdomo na kope. Usiku wa taarabu, wakati wa kutunza, ni balaa: noti zinapeperushwa, vito vya nguo vinametameta, taa zinabadilika rangi, kila mraba unataka maelezo mapya na nafasi haitoshi. Mfumo unaanza kurahisisha, na mwimbaji anageuka viraka. Mvua na mawimbi huleta shida hiyo hiyo. Ikiwa fremu nzima imepotea njiani huku zile amri za kusogeza zimefika, utaona uso wa mtu aliyekuwepo kabla ukitikisika kwa miondoko ya aliyekuja baadaye. Na video iliyopakuliwa mtandao mmoja na kupakiwa mwingine hubanwa upya kila mara, kwa makosa mapya juu ya yale ya zamani, ndiyo maana kituko kilichozunguka wiki nzima kinaonekana kama kimerekodiwa kwa simu ya tochi.

Mashine iliyozoea kuuliza "kipande hiki kilitoka wapi" sasa inaombwa kutunga fremu ambazo kamera haikuwahi kuzipiga. Video zinazotengenezwa na akili bandia ni tungo za aina hii kwa ukamilifu wake, na udhaifu wake mara nyingi umo humo humo kwenye pengo: mkono unapita nyuma ya nguzo ukiwa na bangili tatu na kutokea upande wa pili ukiwa na nne, maandishi ya kibao cha duka yanabadilika herufi wakati kamera inageuka. Ukiicheza kwa kasi yake hutaona. Isimamishe, isogeze fremu moja moja, angalia kitu kinachofichwa na kurudi. Omba faili la kwanza ukiweza, kwa sababu lililobanwa mara nyingi limeshafuta ushahidi.

Utungaji mdogo zaidi wa fremu huenda unaendelea sebuleni kwako sasa hivi. Televisheni nyingi mpya hutoka dukani zikiwa zimewashwa kipengele cha kulainisha mwendo: zinapokea fremu 24 au 25, zinabashiri zilizotakiwa kuwa katikati, na kuzichomeka. Filamu inaanza kuonekana kama tamthilia ya studio, nyororo kupita kiasi. Peter Jackson alipotoa The Hobbit kwa fremu 48 mwaka 2012, fremu za kamera halisi, wengi walilalamika kuhusu ulaini huo huo. Waliona mapambo na vipodozi badala ya ulimwengu wa hadithi. Kwenye mpira ulaini unasaidia, mpaka shuti la kasi lipite mbele ya mashabiki: televisheni inashindwa kujua duara jeupe limekwenda wapi katikati ya maelfu ya vichwa, na kwa muda mfupi mpira unakuwa miwili au haupo. Kipengele hiki kina jina tofauti kwa kila kampuni, ila hukaa kwenye mipangilio ya picha, karibu na mahali pa kurekebisha rangi. Siku ya mechi kiache ukipenda. Ukiweka filamu, kizime.